Vichupa Vinane vya Dalgol

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Mistari 11,402 ya jedwali nimejaza. Bado mia sita na ushei. Macho yanawasha kama nimepakwa pilipili.

Kuwabara wa Okayama, Japani, anayesimamia kanzidata yetu, ameandika tena. Mpole kama kawaida yake — samahani kwa usumbufu, samahani kwa kukuharibia Jumatatu — halafu orodha ya visanduku mia mbili na kumi nilivyoacha wazi. Kila sampuli lazima iwe na uzito wake na jina la aliyeipima, bila hivyo haiingii. Nchi nne tumekubaliana kumwaga vipimo vyetu vyote kwenye chungu kimoja, mifupa, meno, samaki, punje za mtama, ili atakayeuliza watu wa kale walikula nini asianze na sifuri. Tarehe mosi Desemba kanzidata inafunguliwa. Jambo jema. Nililisema mwenyewe mkutanoni, kwa sauti kubwa! Sasa nalipia.

Mama amenikuta mezani na tambi zimepoa. Anasema hao watu wamekufa miaka elfu moja na mia tano iliyopita, hawana haraka. Kabichi za kuchachua kabla ya majira ya baridi ndizo zenye haraka.

Jumatano, 8 Novemba

Uzito wa sampuli za Dalgol, makaburi ya kale ya kilimani, haumo kwenye faili lolote. Imebidi niombe ufunguo wa kabati la madaftari ya zamani. La mwaka 2011 ni langu, jalada la kijani.

Ukurasa wa 63. Penseli, mwandiko wangu: "Trei ya 2 imeanguka. Vichupa 8. Nimepanga upya."

Basi. Hakuna zaidi.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nilikuwa nimesahau — hapana, sikusahau. Nilikuwa nimeacha kukumbuka. Namba tuliandika kwenye vifuniko tu, vichupa vyenyewe havikuwa na kitu. Trei ilipoanguka vifuniko vinne vilifunguka, labda vitano. Nilikuwa na homa, na mashine ilikuwa yetu mpaka saa kumi tu. Nikavifunika kwa kukisia: huyu alikuwa na unga mwingi wa mfupa, huyu kidogo. Nikapima. Sikumwambia mtu.

Trei ya pili ni makaburi namba 9 hadi 16. Na namba 14 ni yule.

Mwanamke wa Bahari! Wenzake wote wa Dalgol walikula mchele, mtama na nyama ya kulungu. Yeye peke yake mfupa wake ulijaa samaki wa baharini, naitrojeni nzito, alama ya walaji samaki, iko juu mno, na bahari iko mbali na kile kilima. Profesa Seon, mwalimu wangu, akaandika kwamba alikuwa bibi harusi, aliletwa kutoka pwani kufunga undugu wa falme mbili. Makala ile ilimpa Mwalimu jina. Wilaya ikamjengea yule mwanamke sanamu ya shaba ameshika kombe la baharini. Yuko kwenye daraja. Yuko kwenye mifuniko ya maji taka.

Ijumaa, 10 Novemba

Labda nilipanga sawa. Inawezekana. Watu hubahatisha kila siku.

Mistari 38 tu leo. Aibu.

Jumatatu, 13 Novemba

Unga wa vile vichupa uliishia kwenye mashine zamani. Njia ni moja: kukata mfupa upya. Nimempigia Bwana Ok, mtunza ghala wa kampuni iliyochimba Dalgol. Mzee wa utani.

— Daktari Pyo! Kumbe uko hai? Nilidhani umeolewa ukahamia Seoul.

Nikamuuliza kuhusu mifupa. Akaguna. Anasema nimebahatika kupiga leo, maana Ijumaa ya tarehe 24 wanachukuliwa wote. Hawana ndugu wa kuwadai, ghala limejaa, wilaya itawachoma na kuwafanyia heshima zao.

— Hata wa kumi na nne?

— Yule wa kwenye jumba la makumbusho ni wa plastiki, Daktari. Mwenyewe yupo hapa na wenzake, sanduku la chini kabisa.

Siku kumi na moja. Wakishachomwa, kitakachobaki cha watu hawa duniani ni mistari niliyoijaza mimi.

Alhamisi, 16 Novemba

Siku ya mtihani wa taifa. Mji kimya, maofisi yamechelewa kufunguliwa, akina mama mlangoni mwa shule wameunganisha viganja wakiomba. Nimepita katikati yao kwenda kwa Mwalimu. Na mimi nilikuwa na mtihani wangu.

Profesa Seon anastaafu Februari. Vitabu vyake nusu viko kwenye makasha. Akaniuliza kwanza kama nimekula. Nikasema nimekula. Uongo. Kisha nikalitapika lote kwa pumzi moja — trei, vifuniko, homa.

Hakushtuka. Hilo ndilo limenishangaza. Alinimiminia chai ya shayiri.

— Vichupa vingapi?

— Vinane, Mwalimu.

— Umemwambia nani?

— Wewe tu.

Akafunga kasha moja la vitabu. Nje hata honi hakuna. Halafu akasema yule mwanamke si wetu tena, watoto wanamchora shuleni. Namba ziingie kama zilivyochapishwa, kwani kazi ya kanzidata ni kukusanya, si kuhukumu. Kwenye uzito niandike "haujulikani".

Nikamwomba barua ya kukata sampuli upya.

— Sitasaini, Eunsil. Si kwa ubaya. Nimechoka, mwanangu. Wewe hujachoka?

Nimechoka! Nimechoka mpaka kwenye kucha. Na ni yeye huyu aliyenipigania kila Desemba mkataba wangu ulipoisha, miaka kumi na miwili. Nikainama, nikatoka. Kwenye ngazi ndipo nilipokumbuka kwamba sikumwambia nasikitika.

Ijumaa, 17 Novemba

Kuwabara kwenye skrini, nywele zimemsimama, paka anapita mbele ya kamera. Ameuliza kuhusu mistari minane ya Dalgol. Nikasema kuna mashaka. Nilitegemea alalamike kuhusu tarehe. Hakulalamika. Anasema yeye ana mistari mia tatu ya marehemu mwalimu wake, ina namba za ajabu, na hakuna wa kumuuliza. Ameiweka hivyo hivyo, na kila akiifungua huifunga tena bila kuigusa. Akasema nina bahati, aliyepima bado yuko hai.

Sikumwambia kwamba aliyepima ni mimi. Jina limeandikwa pale. Bila shaka ameliona.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimekwenda wilayani bila barua ya Mwalimu. Kumbe mtu yeyote anaweza kuomba, kuna fomu. Dirishani yuko Bi. Tak, mama wa makamo, beji ya Mwanamke wa Bahari kifuani. Ni lazima awe nayo? Wote wanayo.

Kwenye fomu kuna mstari: Sababu ya ombi. Nilishika kalamu hadi mtu wa nyuma yangu akakohoa. Nikaandika: "Mwaka 2011 nilikosea. Nataka kupima upya kabla hawajachomwa."

Mara ya kwanza kuliandika. Mstari mmoja tu, na shati limenilowa mgongoni.

Bi. Tak akasoma. Akavua miwani.

— Huyu wetu?

— Huyo huyo, dada. Na wengine saba.

— Sasa asipokuwa wa bahari?

— Basi wa bahari ni mwingine kati ya wale wanane.

— Mwanamume?

— Wanaume wako watatu. Na mtoto mmoja.

— Ee! Shemeji yangu ana mgahawa wa pweza, picha ya huyu mama iko mlangoni, tena anatabasamu. Nitamwambia nini?

Nikamsogezea fomu. Akaniangalia, nadhani alikuwa anapima kama mimi ni kichaa au mgonjwa. Kisha akagonga muhuri. Anasema bora alaumiwe kwa kuruhusu kuliko kuulizwa baadaye kwa nini alikataa. Ruhusa ya siku moja: Ijumaa, kabla lori halijafika saa nane mchana.

Jumatano, 22 Novemba

Kabichi arobaini. Mama, mimi, na jirani zake wawili. Mikono imevimba kwa chumvi na pilipili. Nikamwambia Mama yote tukiwa tumechuchumaa kwenye beseni, kwa sababu hapo hawezi kunikodolea macho.

Akauliza kama Mwalimu anajua nimekwenda wilayani. Hajui. Akasema hapo ndipo nilipokosa adabu, mengine ni kazi tu.

— Na akikufukuza?

— Atakuwa amenifukuza.

— Vizuri. Mwakani utaosha kabichi zote peke yako.

Akanitia kipande cha nyama ya nguruwe mdomoni kwa vidole vyake vyekundu, kama nina miaka mitano. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini nililia kidogo. Nikasingizia pilipili.

Nilimtumia Mwalimu ujumbe: Ijumaa naenda Dalgol kukata. Nisamehe. Ameusoma.

Ijumaa, 24 Novemba

Naandika hapa ghalani, kwenye meza ya kazi, glovu moja nimevua. Saa saba na nusu. Lazima niandike sasa, baadaye nitajiambia sikuona vizuri.

Nilifika saa tatu. Baridi ya kukata masikio. Bwana Ok aliniwekea hita miguuni na masanduku manane mezani. Nikaanza na namba 9. Mbavu zimefungwa kwenye karatasi laini, zimekaa vizuri. Nikauona mkato wangu wa 2011, umeshakuwa kahawia.

Na pembeni yake mkato mwingine. Mweupe zaidi. Umenyooka.

Chini ya mfuko kuna kikaratasi, kile ambacho siku hizi kila anayekata lazima akiache: "14 Mei 2016. Ubavu. Gramu 0.6. Seon."

Namba 10, vivyo hivyo. 11. 12. Nikafungua yote manane kwa pupa, vifuniko vikidondoka sakafuni. Vikaratasi vinane, tarehe moja, mwandiko mmoja. Nikakimbilia rafu nikafungua namba 20, ambayo haikuwa kwenye trei ile. Mkato wangu tu. Hakuna karatasi.

Alikuja kwa ajili ya wale wanane peke yao.

Madaftari yangu nilimkabidhi mwaka 2015. Alisoma ukurasa wa 63. Alikuja, akakata, akapima — na akanyamaza miaka saba. Na kila Desemba akaenda kunipigania.

Nikamuuliza Bwana Ok. Akajikuna shingo.

— Alikuja peke yake, siku ya mapumziko. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Akaniomba nisiseme. Nikadhani ndiyo mambo yenu wasomi.

— Alikuwa anaonekanaje?

— Kama wewe sasa hivi.

Sijui nina hasira au nimepata nafuu. Yote mawili, na juu yake usingizi, ningeweza kulala hapa katikati ya masanduku. Nimeendelea kukata kwa sababu mikono ilikuwa inajua la kufanya. Namba 9, 10, 11, 12, 13. Kila kipande kwenye kichupa chake, namba kwenye kifuniko na namba kwenye chupa, wino usiofutika. Nikaruka 14, nimwache wa mwisho, nikakata 15 na 16. Saba tayari.

Saa saba na dakika kumi simu ikatetemeka. Mwalimu.

"Eunsil, usiwakate tena. Namba zote nane ninazo. Njoo nyumbani, nimepika supu."

Nimeusoma mara sita. Hasemi namba zinasema nini.

Lori limeingia getini, limewahi. Linarudi nyuma, linalia pii, pii, pii. Wanaume wawili wenye glovu nyeupe wameshuka, wameinamia rafu kwa heshima kabla ya kugusa chochote. Bwana Ok ameingiza kichwa mlangoni:

— Daktari, wanauliza. Hawa wa mezani wapakiwe?

Nimemwambia hao saba ndiyo, tumemalizana nao, wabebwe polepole. Wa kumi na nne abaki kwanza, bado sijamkata.