Shabiki wa Nyundo

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Bado wanakupa wewe ile pasi nzito? Mimi mzima, ila jino moja linacheza na kocha anasema niliache.

Mama, leo nimekuja na donge. Dada kaniambia kila Jumamosi ukitoka kazini unapitia kwa fundi viatu kutazama ndondi za wanawake kwenye televisheni yake. Kumbe! Miaka minne nakubembeleza uje ukumbini hata mara moja, unaniambia huwezi kuona watu wakiumizana, moyo wako mdogo. Halafu eti una mtu wako. Nyundo! Eti akipiga, unaruka hadi kandambili zinakutoka.

Nina wivu, sifichi. Nyundo ana mama yake, anakaa kiti cha mbele kila pambano. Sasa na wangu kamchukua?

Mwanao, kitindamimba


14 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi ndio unaonisalimia wa kwanza. Hilo jino kamwonyeshe daktari. Kila barua kocha, kocha! Kocha kasema ule, kocha kasema ulale. Mimi niliyekunyonyesha habari zako nazipata za mwisho. Usidhani wivu uko kwako tu.

Dada yako ana mdomo, lakini hakudanganya. Natazama. Nitakwambia kwa nini, na usinicheke. Kutwa nzima nimesimama kwenye mvuke napiga pasi mashuka ya watu. Msimamizi ananitupia shuka kwa ajili ya kikunjo kimoja, nasema samahani. Mteja ananiita "we!", naitika. Ikifika Jumamosi nakaa kwenye benchi la fundi, namwona mtu kapigwa na kajibu palepale. Hakuomba samahani. Mwili wangu wote unachangamka. Na damu ikitoka, mwanangu, ndiyo kwanza nasogea mbele. Naona haya hata kuyaandika.

Lakini naweza kutazama kwa sababu si wewe. Wale ni watu wa kwenye kioo. Fundi akizima, wamekwisha, nakwenda zangu kupika. Wewe najua hata kovu la goti ulilipata wapi. Hilo usiniombe.

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Nimekaa kimya kwa sababu tulikuwa kambini.

Tarehe ishirini na nne napigana na Nyundo. Niliomba mwenyewe. Kocha alisema ni mapema mno, kanizidi uzoefu, nikamwambia namweza. Sababu yenyewe sikumwambia. Kila nikilipiga gunia nakuona wewe na kandambili zako, unaruka kwa ajili ya mtoto wa mwenzio.

Pambano litaonyeshwa. Safari hii mtu wa kwenye kioo ni mimi. Nenda kwa fundi, kaa kwenye benchi, unitazame kama unavyomtazama yeye. Nikishinda sawa, nikishindwa sawa. Niangalie tu.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu,

Hali yako? Dada yako anasema taya limefungwa waya na unakunywa kwa mrija. Pole, mama. Pole sana. Nimempigia kocha, anasema umelala. Jana alisema hivyohivyo.

Nilikutazama, kama ulivyotaka. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama


19 Juni

Mama,

Shikamoo. Waya umetolewa, naanza kutafuna vitu laini.

Dada alikuja kunitazama. Nilimuuliza mama alisemaje siku ile, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Dada namjua. Sasa nakuuliza wewe: ulimshangilia nani? Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu,

Leo hata salamu zimenishinda.

Raundi ya kwanza nililia. Nilimshika dada yako mkono, nasema mwanangu, mwanangu, watu wakanionea huruma. Raundi ya pili mkachanganya makonde. Sijui nisemeje ili unielewe: pambano lilinoga. Machozi yakakauka. Fundi anapiga kelele, watu wamejaa hadi barabarani, na mimi nimeshasogea mbele. Nyundo alipokupiga lile konde la taya ukaenda chini, niliruka juu nikasema, "Mwongeze!"

Niliruka kabla sijakumbuka ni wewe.

Benchi zima likanigeukia. Dada yako akauachia mkono wangu. Nilitoka pale peku, na tangu siku ile sijarudi. Nimejaribu kujiambia ni mazoea tu, ni kama mtu anayeitikia jina lisilo lake. Lakini nilifurahi. Kufumba na kufumbua, lakini nilifurahi. Huo ndio ukweli ulioutaka.

Mama yako, kama bado waniita hivyo


6 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nakuita hivyohivyo, sina jina lingine.

Barua yako niliichana, nikaibandika kwa gundi, nikaichana tena. Mwezi mzima sikutaka hata kusikia unaendeleaje. Siku nyingine nilikuwa nataka kumpigia Nyundo nimuulize amekufanyia nini ambacho mimi sijakufanyia.

Lakini nilipokuwa chini niliisikia ile kelele ya ukumbi, na kelele ile naijua. Mwezi wa pili ilikuwa yangu. Msichana alikuwa amelala miguuni pangu, watu wanapagawa, na mimi nimenyoosha mikono juu, raha tupu. Usoni sikumwangalia. Hata leo ukiniuliza sura yake sijui.

Tarehe kumi na saba Oktoba napanda tena ulingoni. Safari hii hakuna televisheni. Dada atakuleta. Kiti chako kiko kwenye kona yangu, karibu kiasi cha kusikia ninavyopumua. Ukishindwa kuja sitakulaumu, ila usiniulize tena habari za ndondi.

Nikianguka nitakutafuta kwa macho kabla refa hajaanza kuhesabu. Nataka nikuone umeogopa, mama. Nyundo hujawahi kumwogopea.

Mwanao