Sikio Halikujibu

Mume wangu uliye mbali,

Huku tu wazima. Paa limeacha kuvuja, na mama yako amepona mguu; sasa anatembea vizuri na kugombana na kila mtu.

Juzi nilimpeleka mwanao kupimwa masikio. Muuguzi alimtia kizibo kidogo cha mpira sikioni, mashine ikatoa milio. Akanieleza, "Sikio likiwa zima, likisikia nalo hutoa sauti yake ndogo, na mashine huinasa."

Tukangoja. La kulia kimya. La kushoto kimya.

"Rudia, dada," nikamwambia. Akarudia mara mbili.

"Usikate tamaa, mama. Kuna kipimo kingine mwezi ujao. Umekuja na nani?"

Nikamjibu kwamba mume wangu yuko nje, ananisubiri. Sijui kwa nini nilidanganya.

Mama yako sijamwambia. Humwita mjukuu wake kutoka mlangoni, mtoto hageuki, naye husema, "Ana maringo kama baba yake!"

Jana nilimwimbia mwanao huku nalia. Akaweka kiganja shingoni pangu, akahisi koo linavyotetemeka, akacheka kwa mara ya kwanza. Niliimba mpaka sauti ikanikauka.

Kipimo ni tarehe nane. Njoo.

Mkeo