Bolti ya Juu ya Giaboksi

Jumanne, Temeke

Imetoka. Bolti ya juu ya giaboksi imetoka.

Tangu Jumamosi nashinda chini ya lori la Mzee Nassoro, mwenye duka, nikijaribu kushusha giaboksi. Bolti nyingine zilifunguka, lakini hiyo imejificha nyuma ya injini na spana iliyonyooka haiifikii. Mzee alishasema kesho analivuta lori kwa mafundi wa mjini. Nani angeniletea tena gari?

Mchana nikakimbilia nyumbani, nikaipua maharage ya mke wangu Mwajuma na kutumbukiza spana kwenye makaa yake. Ilipoiva nyekundu nikaipinda kwa nyundo.

"Umeipua chakula cha watoto upike chuma?" akaniuliza.

Nikarudi chini ya lori, nikaipenyeza spana kwa kupapasa. Ikashika. Nikavuta, bolti ikalia, ikalegea.

Kuirudisha ndiko ninakokuogopa. Chuma kilichopita motoni huwa hakiaminiki, na kikikatikia mle ndani...

Maharage hayakuiva, tumekula mkate kwa chai ya rangi. Nikamwonyesha Mwajuma ile bolti. Akaipima kiganjani.

"Kadude haka ndiko kametulaza na mkate?"

Nimecheka mpaka chai ikanipalia.