Harufu ya Teluri

Jumatano, Majengo

Jiwe langu lilipotea juzi Jumatatu, gramu mia mbili kumi na tatu, mikononi mwa Papa Aimé, mwalimu wa kemia. Ndivyo anavyosema yeye.

Nililitoa kwenye shamba alilotuachia muzee wetu kule Masisi. Nilichoma kipande chake kwenye mbabula ya makaa, na jiwe lile la rangi ya fedha likatoa jasho la dhahabu, matone madogo kama umande. Hata sasa nikifumba macho, kilima kizima kinatoa jasho vile, polepole, na mimi natembea juu yake bila viatu.

Kesho yake bibi yangu, mama wa Neema, alinigeuzia mugongo kitandani. "Papa Neema, umekula vitunguu saumu kilo nzima?" Sikuwa nimekula hata kimoja. Papa Aimé alicheka, akanieleza: ni teluri, madini inayojificha pamoja na dhahabu, ukivuta moshi wake, mudomo unanuka vitunguu saumu siku mingi. Nikamuachia jiwe alipime.

Leo ananiambia jiwe liliibwa kabla hajalipima wala kulichoma. "Pole, papa. Lilikuwa jiwe tu." Alisema akiwa karibu na uso wangu. Harufu ile ile.

Labda alikula brosheti, mishikaki ya vitunguu saumu. Naogopa kumusingizia mutu. Lakini kesho alasiri ndugu zangu wanauzisha shamba kwa bei ya viazi, na bila jiwe hawataniamini kwamba kuna dhahabu.

Papa Aimé, kesho asubuhi, mbele ya saa sita, nitakuwa mulangoni kwako. Ulilichoma ao hukulichoma?