Vigingi Vinne Kwenye Ploti ya Kanisa

Jumamosi, 10 Mei
Zamu yangu ya kukata nyasi za ng'ombe kwenye ploti ya kanisa. Mvua imefanya kazi: maua ya manjano, ya zambarau, na yale meupe yanayolala chini kama karatasi za shashi. Mbegu za kishona nguo zimenasa mpaka ndani ya soksi. Nusura nimkate kwale! Aliruka chini ya panga, moyo ukanitoka. Kiotani mayai sita. Nimerudi na gunia nusu.

Jumapili, 11 Mei
Zamu ijayo ni ya Mama Kioko. Panga kali, macho mabovu. Baada ya ibada nimepigilia vigingi vinne kuzunguka kiota na kufunga vitambaa vyekundu. Hata yeye ataviona. Nimejiona mjanja sana.

Jumanne, 13 Mei
Kwale amerudi kuatamia. Nimemtazama mpaka nikachelewa kazini Upper Hill. Nimesingizia jam ya magari pale Adams.

Alhamisi, 15 Mei
Balaa. Mzee Mutiso, mwenyekiti wa kamati ya ploti, ameona vigingi. Vitambaa vyekundu ni alama ya wapima ardhi, na nyuma ya wapima ardhi huja wanyakuzi. Nilisahauje? WhatsApp ya kanisa inawaka. "Leo ni bikoni za mipaka, kesho ni mabati!" Jumamosi kila mtu aje na panga, ploti ifyekwe yote, ijulikane ina wenyewe.

Nikinyamaza, mayai kwisha. Nikisema, mimi ndiye niliyetisha kanisa zima kwa sababu ya ndege. Sijasema. Mwoga mkubwa.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeandika ujumbe mara nne. Nimefuta mara nne.

Jumamosi, 17 Mei
Walikuja wengi kuliko Pasaka. Walianzia barabarani, maua yakilala mstari kwa mstari. Walipobakiza hatua kumi nikaenda kusimama kwenye vigingi. Nikasema ni mimi niliyeviweka, kuna kwale ameatamia.

Kisha Mama Kioko akacheka mpaka akakaa chini. Mzee Mutiso hakucheka.

"Mama Njeri, umetutoa kwa kazi zetu juu ya kuku ya msitu?"

Nikasema ndiyo. Aibu ilinichoma, lakini sikusogea. Mzee akawaambia waruke hapo, wasifyeke. Kwingine kote wakafyeka mpaka udongo.

Jumatano, 21 Mei
Kiota kitupu. Maganda, manyoya machache. Kunguru hawakuhitaji kutafuta: kishungi kimoja cha nyasi katikati ya ploti tupu.

Mzee Mutiso alikuwa amenitangulia. Amechutama pale, kofia mkononi.

"Tungemwachia nyasi mpaka kwa fensi," alisema. "Apate njia ya kupita amejificha."

Nimechutama kando yake. Tumekaa hivyo mpaka jua likapanda, na hakuna aliyetaja kazi.