Kituo Kabla ya Bwana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi kitinda mimba wako, mzima wa afya, mwenye maneno mengi kuliko karatasi. Nianze na wewe kwanza: mgongo unasemaje siku hizi, na lile goti bado linakutabiria mvua? Na Mama je, mafua yamemwachia? Mwambie sweta aliyonifumia inanifaa sana kwa baridi ya huku, ingawa mkono mmoja umeuzidi mwingine na wenzangu kazini wananiuliza kama ilipimwa kwangu au kwa mlingoti.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nikipiga simu, Baba, unasema "haya, mama yako huyu hapa," halafu unatokomea karakanani. Jambo hili ni lako wewe, halipitii kwa mtu. Mwambie Mama, kwa heshima na taadhima, kwamba barua yake inakuja na hii asiichungulie begani kwako.

Kazi ya zahanati inakwenda. Nakaa dirisha la dawa kutwa nzima, na ndiko yalikonikuta haya. Mchungaji alikuja kuchukua dawa ya kikohozi akanisikia naimba huku nahesabu vidonge. Alirudi kesho yake, kikohozi kimeshapona kimiujiza, akaniambia kiongozi wao wa nyimbo amehama, na kwamba angependa nishike nafasi yake kwa majaribio. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Unanijua, kwa nyimbo sijui kujivunga.

Nilidhani kuongoza nyimbo ni kusimama mbele na kupunga mikono. Thubutu! Kila katikati ya wiki naketi na Mchungaji katika kile chumba nyuma ya madhabahu, kidogo mpaka tukipiga chafya tunagongana vichwa. Ananipa somo la Jumapili, nami natafuta nyimbo za kulibeba: wa kuingilia, wa toba, wa kupokelea neno, wa sadaka, wa kutokea. Ule wa toba usiwe wa kuchezesha mabega, na ule wa kutokea usiwatoe watu kama wanakwenda mazikoni. Halafu kuna ugomvi wa sauti. Kina mama wa sauti ya kwanza wanataka wimbo upande hadi darini, wanaume wa besi wanataka ushuke chini ya sakafu, na mpiga kinanda, tunayemwita Betri kwa kuwa huishiwa nguvu kabla ya ubeti wa mwisho, anataka tu ule unaopigwa kwa vitufe vyeupe peke yake. Nimejipatia dawa yangu: naujaribu wimbo asubuhi nikiwa jikoni, kabla koo halijaamka. Nikiufikia mimi saa hiyo, kanisa zima litaufikia.

Basi Jumapili yangu ya kwanza nikaanzisha wimbo wa kuingilia. Ukaenda vizuri mpaka mstari wa pili, unaoanza na "Bwana". Nikaimba "Bwana" peke yangu, kwa sauti ya mtu aliyejiamini, kanisa zima kimya. Nikadhani nimekosea ukurasa. Kisha wote wakaingia kwa pamoja, kwa nguvu, bila mtu kuwapa ishara, nami nikabaki mbele nikiwakimbiza kama mtu aliyeachwa na gari.

Baada ya ibada Betri alinipa pole. Akaniambia nimesahau kituo. Nikamuuliza kituo gani, kwa kweli nikidhani anazungumzia kituo cha basi. Akacheka mpaka akaegemea kinanda. Kumbe huku, kabla ya "Bwana" inayoanza mstari, watu hunyamaza. Hawahesabu mapigo, hakuna anayeinua mkono. Wananyamaza tu, mara kidogo, mara zaidi, kisha wanaingia kama mtu mmoja. Wanafanya hivyo hata katika nyimbo za vijana zenye gitaa na ngoma, na mpiga ngoma amejifunza kukaza fimbo hewani akisubiri. Hata katika salamu, Baba. Mtu anakutazama, anatulia kidogo, ndipo anasema Bwana asifiwe.

Ungefikiri ni jambo zuri, na mimi niliona hivyo. Shida ni kwamba jengo jipya la kanisa lilikuwa linakaribia kufunguliwa, na ibada ya ufunguzi ilikuwa ya pamoja na kwaya ya ng'ambo ya reli, ambao hawana kituo wala stesheni. Mara ya mwisho walipoimba pamoja, wageni walifika mstari wa tatu wenyeji wakiwa wa pili, na Betri katikati hajui amfuate nani. Wazee wa kanisa walikuwa bado na aibu hiyo. Mchungaji akaniambia wazi kwamba kazi yangu ya kwanza ni kukiondoa kituo. Nikishindwa, ibada ile itaongozwa na mwalimu wa wageni, bwana mmoja wanayemwita Kijiti kwa sababu ya fimbo yake ya kuongozea, na huenda nyimbo zote zikawa zake moja kwa moja.

Nilijaribu, Baba. Niliwapigisha makofi. Nilimwambia Betri ashikilie kinanda bila kuachia. Kwenye mazoezi kwaya ilinitii vizuri, lakini ikifika Jumapili kanisa linanyamaza, na kwaya nayo inamezwa. Nikaona siwezi kung'oa kitu nisichojua mizizi yake iko wapi. Wewe mwenyewe uliniita Mdadisi tangu sijaota meno ya mbele, kwa hiyo nikaanza kuuliza.

Lo, kila mtu ana jibu lake! Mchungaji, ambaye naye alikikuta, anasema ni heshima kwa jina takatifu, na amekwisha kulihubiri jambo hilo zaidi ya mara moja. Betri anasema zamani kulikuwa na kinanda cha kukanyaga ambacho kilihitaji kujazwa upepo. Wanaume wa besi wanasema ni nafasi ya kuvuta pumzi, iliwekwa na mtu aliyewaonea huruma. Watoto wa shule ya Jumapili wanaambiwa malaika anapita.

Nikaridhika kidogo na jibu la heshima, mpaka tulipofundishana wimbo mpya wenye mstari unaoanza na "bahari". Wakanyamaza. Kabla ya bahari! Nikajaribu mwingine unaoanza na "bustani". Wakanyamaza tena, bila hata kujua wamefanya. Lakini "Mungu" hawamngoji, "Yesu" hawamngoji, wanakwenda moja kwa moja. Nikajiuliza ni heshima gani hii inayoipa bustani kituo na kumnyima Mungu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikawa naosha vyombo na kuyasema maneno yale kwa sauti, Bwana, bahari, bustani, baraka, nikijitahidi kutulia kabla ya kila moja kama wanavyotulia wao. Nikayasema tena. Nikafunga bomba la maji nikasimama pale pale na sahani mkononi, nikijiambia haiwezekani.

Kesho yake nilikwenda kwa mama mmoja wa sauti ya pili ambaye kanisa zima humwita Shangazi. Ndiye anayeshona majoho ya kwaya, na nilikuwa na kisingizio, langu lilikuwa linaburuzika. Nikamuuliza kituo kilianzia wapi. Alitoa pini mdomoni akazichomeka kwenye pindo. Akasema anajua, na kwamba hakuwahi kusimulia kwa sababu watu wa kanisa lile kila mmoja ana jibu lake na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alinieleza kwamba yeye akiwa msichana, vitabu vya nyimbo vilikuwa havitoshi. Mtu mmoja alikuwa akisimama mbele, anauimba mstari, na kanisa linaurudia. Mtu huyo alikuwa seremala kijana, ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, na kona zote za mabenchi yale aliziviringa kwa randa ili watoto wasiumie vichwa. Sauti yake, anasema Shangazi, ilikuwa ikitoka unaacha unachokifanya. Lakini alikuwa na kigugumizi. Akiimba hakikumsumbua katikati ya mstari, ila mstari ukianza na herufi moja tu, B, neno lilimkwama. Jumapili moja lilimkwama sana mbele ya wageni, na wageni wawili watatu wakacheka. Kijana akamaliza wimbo macho yake chini.

Wiki ile, bila yeye kujua, watu wa mabenchi ya mbele walikubaliana jambo. Jumapili iliyofuata, neno lilipomkwama, kanisa zima likakwama naye. Wakanyamaza wote, wakamngoja, na alipoingia wakaingia pamoja naye, ili asiwepo mgeni wa kujua ni nani aliyekwama. Walijiona wamefanya la maana. Lakini kijana alitazama ule umati uliofunga midomo pamoja naye, akafunga kitabu, akakiweka juu ya benchi, akatoka. Hakurudi tena. Baadaye walisikia amehama mji na mchumba wake. Alidhani wanamuigiza.

Shangazi aliliweka joho langu mapajani, akasema maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyatamka: "Hatukumuigiza. Tulisimama naye ili asisimame peke yake. Tukaendelea kungoja kila Jumapili, tukisema akipita nje atasikia nafasi yake iko wazi. Wenzangu wengi wamekufa. Watoto wao wanangoja na hawajui wanamngoja nani."

Baba, nililia pale pale juu ya joho lake, na yeye akadhani nimechomwa na pini.

Nilikwenda kwa Mchungaji nikamwambia sitakiondoa kituo. Aliniuliza sababu, nikamwambia sina ruhusa ya kuisema bado. Akaniangalia juu ya miwani, akasema ninamtia majaribuni. Nikamwomba kitu kimoja, badala ya kuwafundisha watu wetu kuacha kungoja, niende ng'ambo ya reli nikawafundishe wageni kungoja. Akakubali kwa shingo upande, akaongeza kwamba wimbo ukikatika vipande tena, nimrudishie kitabu cha nyimbo.

Nikaenda. Kijiti alikaza uso mwanzoni, akitaka nimwambie kituo kina mapigo mangapi. Nikamwambia hakina, unasikiliza aliye karibu nawe. Akasema huo si muziki. Nikamwomba ajaribu tu. Akalaza fimbo mezani akajaribu, na walipoingia kwa pamoja mara ya kwanza aliomba turudie. Turudie tena. Mpaka mlinzi akaja na funguo kutukumbusha kwamba ana familia.

Ibada ya ufunguzi ilikuwa Jumapili iliyopita. Jengo lilijaa mpaka watu wakaimbia nje madirishani. Nilisimama mbele nikaanzisha wimbo. Tulipofika kwenye mstari ule, sauti moja tu ya mgeni ilichomoka na "Bwa" ikajimeza haraka. Wengine wote, wetu na wao, ndani na nje, wakanyamaza. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza kitu kimoja. Kisha wakaingia, na bati likatikisika. Mchungaji ameniambia nyimbo ni zangu sasa, na majaribio yamekwisha.

Lakini sikuandika ili kujisifu. Nimeandika kwa sababu uliponiaga uliniambia watu wa mji huu wana dhihaka, nijihadhari nao, na hukusema zaidi. Nimeandika kwa sababu nyumbani ukienda kanisani unasimama karibu na mlango na midomo umeifunga, na sisi sote tumekua tukijua kwamba Baba hapendi kuimba. Na kwa sababu hata leo, neno likianza na herufi ile, unatulia kabla ya kulisema. Na kwa sababu nimeketi juu ya mabenchi yale, nimezipapasa kona zake, na ni kona za meza yetu ya chakula, za kitanda changu cha utotoni, za kila kitu ulichowahi kutengeneza.

Sijamwambia mtu kwamba mimi ni binti yako. Si Mchungaji, si Shangazi, ingawa tangu siku ile ananiangalia kwa jicho la pembeni. Habari hii ni yako, useme ukitaka au uiache ilipo. Mimi nilitaka uijue tu, kwa sababu umeibeba vibaya miaka yote hii na umeibeba peke yako, nami nakupenda na siwezi kukaa nayo kimya.

Ukiamua kuja, chumba changu kina nafasi. Usije ukiwa na wasiwasi wa kuimba. Lakini ukiwasalimia pale mlangoni, chukua muda wako wote kusema Bwana asifiwe, Baba. Hawa watu wanajua kukungoja.

Nisalimie Mama na mafua yake, nisalimie kaka na wifi, na watoto wao uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Mdadisi