Mashujaa Ndani ya Karatasi ya Kaki

Dada Muthoni,

Tafadhali isome kadi hii ukiwa peke yako, na usimwambie hata Mama. Ndiyo maana nimeitia kwenye bahasha.

Huku Othaya ni ukungu na mvua tangu nifike kazini. Kile kitabu cha katuni ulichonipa nilikivika karatasi ya kaki, kama vitabu vyote vya ofisi. Leo bosi wangu, Mama Gathoni, amekichukua akidhani ni rejista ya wageni. Amekifungua mbele ya watu, akawakuta wanaume wawili wa ile timu ya mashujaa wameshikana mikono juu ya mji waliouokoa.

"Hawa ni ndugu?"

"Ni timu moja," nikajibu, nikinyoosha mkono kukichukua.

"Ati timu! Watoto wangu wa sande skuli watapenda. Nitakurudishia Jumatatu."

Dada, ukurasa wa mwisho wanabusiana, na chini yake uliandika, "Kwa Kariuki, ujione humu."

Nawakumbuka nyote sana. Usinipigie ofisini. Piga simu yangu saa saba, nikitoka kula. Nikikuuliza hali ya ng'ombe, ujue wameufikia ukurasa huo; njoo unichukue siku hiyo hiyo.